Hamsini au Tisini

Tarehe 2 Machi

Lenzi yangu imekufa. Nimeikuta asubuhi ndani ya kabati la studio, imeviringishwa kwenye kipande cha kitambaa cha suti. Kioo cha mbele kina ufa kutoka ukingo hadi ukingo, na pete ya kuzungushia imebonyea, haisogei hata kwa koleo. Kamera yenyewe ina mkwaruzo mmoja tu kwenye kona.

Kitambaa kilinitajia mhalifu kabla sijauliza. Mdogo wangu ana duka la ushonaji, ukuta kwa ukuta na studio yangu. Mtaa mzima unamwita Pima kwa sababu ya tepe inayoning'inia shingoni mwake mchana kutwa. Nilimkuta ameinamia meza anakata kola.

"Lenzi yangu umeifanya nini?"

"Iliniponyoka, dada."

"Wapi?"

"Kwenye ngazi."

"Ngazi zipi? Mimi na wewe tuko chini, nyumbani tuko chini."

Hakuinua kichwa. "Nilikuwa na kazi na kamera. Nisamehe."

Kazi gani? Mkasi unakata, krr, krr. Miaka ishirini na miwili nimepiga picha nyuso za watu kwa lenzi ile. Mtu anayejua kutia uzi kwenye sindano leo ana kazi na kamera yangu. Nilitoa filamu iliyokuwamo ndani, nikaitupa kwenye droo pamoja na takataka nyingine. Sitaki kujua alipiga nini.

Tarehe 3 Machi

Mvua imeanza. Sijasema na Pima.

Tarehe 5 Machi

Nimekwenda kwa Bwana Skrubu, mzee anayetengeneza kamera kwenye chumba kilicho chini ya ngazi za jengo la maofisi. Ukikaa kwenye kiti cha wageni, watu wanakukanyaga juu ya kichwa siku nzima. Aliitazama lenzi yangu kwa dakika moja, akaifunika na kitambaa chake. Sikuhitaji maelezo.

Ana mbili za kunifaa, zote za kupigia nyuso, zote za kula mwanga. Moja ni ya milimita hamsini, fupi na nzito kama jiwe la kusagia, na upenyo wake, tundu la kupitisha mwanga, unafunguka mpaka 1.5; namba ikipungua, tundu linapanuka. Ya pili ni ya milimita tisini, ndefu, inafunguka mpaka 2. Hamsini inakulazimisha umsogelee mtu. Tisini inakuruhusu ukae mbali na bado umjaze kwenye picha. Tumekubaliana nikae nazo zote mpaka mvua ziishe, nichague moja. Kwa malipo atachukua mashine yangu ya pili ya kukuzia picha, ile iliyolala miaka.

Kisha akanyoosha mkono. "Niachie na kamera, siku mbili."

"Ya nini?"

"Kamera iliyoanguka ni kama mtu aliyeanguka. Anainuka, anatembea, anasema sijambo. Lakini mpime."

Nilimwambia kamera yangu naijua kuliko ninavyoujua mkono wangu, na kwamba mwezi huu watu wameishikashika vya kutosha. Kamera hii huoni picha kupitia lenzi. Unachungulia kwenye kidirisha, katikati unaona vivuli viwili vya mtu mmoja, unazungusha pete mpaka vivuli vikutane. Vikikutana, picha imekaa sawa. Nimechungulia, vinakutana. Nini kingine?

"Haya, mwanangu," akasema. "Kamera ni yako."

Hata ile "haya" yake iliniudhi.

Tarehe 9 Machi

Nimeanza na tisini. Nimempiga Mama, maana ndiye pekee aliyekaa bure.

Mama anaishi nami tangu alipostaafu. Alikuwa mpokea simu wa shirika kwa miaka thelathini. Nusu ya mji huu wanaijua sauti yake na hawajawahi kumwona. Anakaa dirishani na redio, na siku hizi hatoi mtandio, ameuzungusha mpaka kidevuni. Anasema jino linamsumbua na baridi inalichokoza. Nimemwambia mara kumi aende kwa daktari wa meno. Anasema ndiyo, ndiyo, kama anayemjibu mteja msumbufu.

"Nigeukie basi."

"Piga hivi hivi. Upande huu ndio unaonipendeza. Wewe mwenyewe ulisema."

Nikapiga hivi hivi, upenyo ukiwa wazi wote.

Tarehe 11 Machi

Nimesafisha filamu. Tisini ni takataka. Macho ya Mama yamelegea kama ya mtu aliyeloweshwa, na hereni nyuma yake inaonekana mpaka kitobo chake. Fremu kumi na nne, zote hivyo. Nimempigia Bwana Skrubu, nikamwambia ameniazima mgonjwa.

"Lenzi ile nimeipima juzi," akasema. "Lete kamera."

Nikakata simu.

Tarehe 12 Machi

Mvua. Umeme umekwenda saa nne, umerudi saa kumi na moja. Mteja mmoja, alitaka picha ya kitambulisho, alikuwa na haraka na harufu ya mbwa aliyelowa.

Tarehe 16 Machi

Hamsini. Nimepiga mlango, viatu, uso wa muuza vitabu wa ng'ambo ya barabara. Upenyo nimeufunga kidogo, mpaka 4, maana muuza vitabu ana pua ndefu na nilitaka yote ionekane. Inakata kama wembe. Nilijua. Kosa lilikuwa la tisini na la mzee wake.

Pima amegonga ukuta mara mbili, ishara yetu ya chai tangu tulipopanga hapa. Sikujibu. Baadaye nilikuta kikombe mlangoni kimefunikwa na sahani. Chai nimeimwaga.

Tarehe 20 Machi

Mvua, matope, hasira. Mama na Pima wananong'ona jikoni. Nikiingia, wanazungumza juu ya bei ya mkaa.

Tarehe 23 Machi

Wametoka pamoja asubuhi kwenye mvua, mama mtu mzima na jino lake, "kununua vifungo". Wamerudi saa nane bila kifungo hata kimoja. Nimeuliza. Pima akasema vilikuwa vimeisha. Vifungo, mji mzima, vimeisha.

Naona wanavyonifanya. Mdogo wangu amevunja chombo changu cha kazi na sasa ananichukulia na mama. Mtoto wa mwisho haachi kuwa mtoto wa mwisho hata akiota mvi.

Tarehe 29 Machi

Naandika haya yote leo hii, nikilala nitayapunguza.

Hakukuwa na wateja. Nilikuwa na filamu moja ya kusafisha, na tangi langu linachukua mbili, kwa hiyo nikaitoa ile ya kwenye droo, ile iliyokuwamo kwenye kamera siku ilipoanguka. Sikuwa na sababu yoyote. Dawa ilikuwa ya kutosha na mimi sipendi kupoteza dawa.

Nilipozitundika, nikazitazama kwa kioo cha kukuzia. Fremu za mwanzo zangu mwenyewe. Halafu saba ambazo si zangu. Mama amekaa kwenye benchi, nyuma yake ukuta mweupe wenye kibao cha mshale, UPASUAJI. Hana mtandio. Anaitazama kamera moja kwa moja, jambo ambalo hajanifanyia kwa muda mrefu. Na kwenye taya la kulia, chini ya sikio, kuna uvimbe wa kadiri ya yai la kuku.

Fremu inayofuata hizo saba ni ngazi za saruji, zimekwenda upande.

Niliingia dukani kwa Pima na filamu ikiwa bado inachuruzika. Kulikuwa na mteja anayepimwa suruali. Pima aliitazama filamu, akamwambia yule bwana, "Tafadhali rudi kesho," akafunga mlango.

"Tangu lini?" nikasema.

"Mimi nimejua Januari. Yeye, miaka miwili na zaidi."

"Ni nini?"

"Uvimbe wa mfupa. Wanasema si ule wa kusambaa mwilini. Lakini unakula taya, hauachi. Wanalikata upande huu." Akajionyesha kwa kidole, kutoka sikioni mpaka karibu na kidevu. "Tarehe ishirini na moja mwezi ujao."

"Na mimi ningeambiwa lini? Ishirini na mbili?"

"Alinifunga mdomo, dada. Kila wiki nilimwambia tukuambie. Siku ile baada ya vipimo alisema anataka picha ya uso wake kabla haujaguswa, na hataki upige wewe. Nikachukua kamera bila ruhusa. Tulipokuwa tunashuka aliteleza kidogo, nikamshika yeye. Sikuweza kushika vyote viwili."

Nilitaka kumpiga. Nilikuwa nimebeba hasira ya mwezi mzima na sasa haikuwa na pa kutua. Nikaipeleka nyumbani.

Mama alikuwa dirishani. Nilimwekea filamu mapajani. Aliizima redio.

"Kwa nini yeye na si mimi?"

"Kwa sababu wewe ungeona."

"Ndiyo kazi yangu, kuona. Nyuso za mji huu wote zimepita kwangu."

"Na ungegomba. Ungegomba na mimi, ungegomba na daktari, ungegomba na yule binti wa kuandika majina. Mimi nilikuwa naogopa, mwanangu. Mtu anayeogopa hatafuti wa kumgombeza. Pima akiogopa ananyamaza. Tulikaa pale benchini tukanyamaza wote wawili, nikapata nafuu."

Nikamjibu. Sitaandika nilichomjibu. Kilikuwa kirefu, na mwisho wake alifungua redio.

Baadaye nimerudi studio, nikatoa makaratasi ya picha za miaka mitatu. Mama siku ya kuzaliwa. Mama na majirani. Mama na maua. Zote upande wa kushoto. Zote nimepiga mimi, kwa mkono wangu, na nyuma ya moja nimeandika kwa kalamu: upande mzuri.

Tarehe 30 Machi

Sijafungua studio.

Tarehe 4 Aprili

Nimekwenda nao kliniki. Nilijiapia nisigombe na nimegomba mara moja tu, na mlango uliokuwa hausukumiki. Daktari amechora kwenye karatasi. Shavu litaingia ndani. Mdomo utakwenda upande. Kusema atajifunza upya, polepole, na daktari hajui kutarudi kiasi gani.

Mama aliuliza, "Sauti yenyewe?"

"Sauti itakuwepo. Maneno ndiyo yatakayosumbua."

Akaitikia kwa kichwa kama anayeandika ujumbe wa mtu mwingine.

Tarehe 10 Aprili

Mvua. Nimemwomba anikalie nimpige picha kabla ya siku yenyewe, uso mzima. Amesema atafikiri. Nimekasirika, nikatoka nje, nikalowa, nikarudi.

Tarehe 14 Aprili

Pima amepita na kusema Bwana Skrubu kamuuliza tena habari ya kamera. Nikamwambia amwambie mzee kwamba nina mama wa kupasuliwa na sina muda wa skrubu zake. Pima akasema, "Zimebaki siku saba, dada. Anataka mbili." Nikamwambia wa kuvunja asinifundishe kutengeneza.

Akaondoka na tepe yake. Laiti angenijibu.

Tarehe 20 Aprili

Amekubali.

Nimechagua hamsini. Tisini sikuiamini, na tena sikutaka kusimama mbali naye kama askari. Niliweka kigoda mita moja kutoka kitini kwake. Nje mawingu yalikuwa meusi, umeme haukuwepo, mwanga wa dirisha ulikuwa kiasi cha kusomea gazeti tu. Nikafungua upenyo wote, 1.5. Kazi ya lenzi kama hii ndiyo hiyo.

Alivua mtandio mwenyewe, akaukunja mara nne.

"Nikuambie kitu," akasema. "Pale kazini watu waliokuwa wamekasirika walikuwa wanakishika chombo cha simu karibu mno na mdomo. Sisikii namba, nasikia upepo tu. Nawaambia, tafadhali rudi nyuma kidogo, bwana, nikusaidie."

"Walikuwa wanarudi?"

"Wengine. Wengine wanazidi."

Nilicheka, naye akacheka, na uvimbe ukapanda na shavu. Nikapiga hapo. Fremu kumi na mbili. Kwenye kila moja vivuli vilikutana juu ya jicho lake la kulia, nina hakika, nilishika pumzi. Aliongea muda wote. Sauti ile ya "subiri nikuunganishe", haina hata unyoya wa uzee. Hii ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya na nilijua nilipokuwa naifanya.

Tarehe 21 Aprili

Amekaa saa saba na nusu ndani ya chumba cha upasuaji. Ametoka. Anapumua. Pima amelala kwenye benchi, nimemfunika koti langu.

Tarehe 25 Aprili

Nimesafisha filamu ya Mama.

Hakuna hata moja.

Kumi na mbili, na hakuna hata moja. Jicho limelegea, pua imelegea, mdomo unaocheka umelegea. Ndewe la sikio limekaa sawa, limekaa sawasawa, unaweza kuhesabu vinyweleo vyake. Kosa lile lile la tisini. Kwa hiyo tisini haikuwa na kosa, na hamsini haina kosa. Nilipompiga muuza vitabu niliufunga upenyo, mbele na nyuma vikaonekana vyote, kosa likajificha humo. Nilipoufungua wote, likatoka.

Kamera. Tangu ngazini. Vivuli vinakutana mahali ambapo lenzi haitazami.

Nimeirusha miwani yangu ukutani. Miwani, si kamera, hata katika hasira nina akili ya mwizi. Halafu nimetafuta wa kulaumu. Nimeanza na Pima, kisha mzee, kisha mvua, kisha watu wa umeme. Nimewazungukia wote mara mbili. Kila nikimaliza namkuta mtu yule yule amekaa kwenye kigoda.

Tarehe 26 Aprili

Nimempelekea Bwana Skrubu kamera. Niliiweka mezani. Alifungua kifuniko kidogo mbele, akaingiza bisibisi nyembamba, akachungulia mnara wa mbali kupitia mlangoni, akazungusha kidogo, akachungulia, akazungusha. Juu ya vichwa vyetu watu walipanda na kushuka.

"Imekwisha," akasema.

Nilitazama saa. Robo saa.

"Mzee, uliniambia siku mbili."

"Siku mbili kwa sababu nina foleni. Ungekaa hapo ningekufanyia huku unanisubiri. Hukuuliza."

Nikakaa kwenye kile kiti cha wageni. Aliniacha. Alianza kazi ya mtu mwingine, na baada ya muda akanisogezea tambara safi la lenzi, nikajifutia uso.

Tarehe 27 Aprili

Nimemwambia Pima. Nilidhani atasema kitu, nilikuwa nimekiandaa kichwa kikipokee. Alikuwa anatarizi jina kwenye koti la mtu.

"Zile zangu saba je?" akauliza. "Zimetoka?"

"Zako zimetoka. Kamera ilikuwa bado nzima."

"Basi uso upo."

"Upo. Mwanga mbaya, umemkata kidogo kichwani kwenye picha tatu."

"Mimi ni fundi nguo," akasema.

Nimezikuza zote saba, na kichwa kilichokatwa. Ile ya nne, Mama anaangalia kamera kama mtu anayeona aibu kidogo na ameamua kukaa hivyo hivyo. Mimi nisingeipata ile. Ningemwambia ainue kidevu, ageuke. Imeniuma kuandika hivyo na naiacha.

Nilipomaliza nikagonga ukuta mara mbili. Chai ilikuja na mbebaji wake.

Tarehe 8 Mei

Mama yuko nyumbani. Shavu limeingia, kama daktari alivyochora, lakini karatasi ni karatasi. Mshono unatoka chini ya sikio unazunguka taya. Anakula kwa kijiko cha mtoto. Hasemi, anatoa sauti, anaona hatujaelewa, anakunja uso, anachukua daftari. Leo ameandika: "Redio. Si hiyo. Ile nyingine." Nimemfungulia ile nyingine.

Nina hasira bado. Nilidhani zitaisha. Hazina mwelekeo tena, zinanikaa tu mabegani nikifua, nikipika uji. Jana nimegombana na sufuria.

Tarehe 15 Mei

Mvua zimepungua. Amesema neno moja, "maji". Pima alilia, akaenda kulilia nje kwa adabu.

Tarehe 22 Mei

Siku ya tatu bila mvua. Bwana Skrubu ametuma salamu, anataka lenzi moja irudi.

Mama ndiye aliyeandika asubuhi: "Leo nipige." Sikuwa nimemwomba. Amevaa gauni aliloshonewa na Pima, lenye kola ya kusimama, na Pima mwenyewe alikuja kuiweka sawa, tepe shingoni, akamtazama mara tatu kutoka mlangoni. Mama hakutaka mtandio. Alijikalisha, akageuza uso wote mbele.

Nilifunga tisini kwenye kamera. Niliipima jana baada ya matengenezo na ni lenzi nzuri mno. Nimeisingizia miezi miwili. Nikasimama mwisho wa chumba, karibu na mlango. Nilijiambia ni heshima, mtu aliyetoka kupasuliwa asibanwe. Mwanga ulikuwa mwingi. Nikachungulia, nikazungusha, vivuli vikakutana. Uso ule ulinijia wote, mshono, shavu, mdomo uliokwenda upande, na nikabaki na kidole juu ya kitufe bila kubonyeza.

Mama akainua mkono nisubiri. Akachukua daftari, akaandika, akampa Pima kwa sababu mimi nilikuwa mbali.

Pima alilisoma mara moja kimyakimya, kisha kwa sauti: "Sogea. Huko uliko sioni kama bado umenuna."

Nikaifungua tisini, nikaifunika vifuniko vyake nyuma na mbele ili Pima airudishe kwa mzee. Nikafunga hamsini. Nikavuta kigoda, nikasogea, nikasogea tena, mpaka pete ya lenzi ikafika mwisho wake, haikubali karibu zaidi, na magoti yangu yakagusana na yake.